Waliofundishwa Kuongoza Wageni

Wakati wa jubilei husifiwa sana waliojenga majengo. Sisi twapenda kunena habari za kufundishwa kwa viongozi. Na habari hizo zaanzia pwani, maana hata mwaka 1927 Ugogo ulikuwa chini ya Askofu wa Mombasa.

Mwaka 1875 wamisionari wa CMS walianzisha kijiji cha Frere Town, huko Kisauni, kwa watumwa waliotolewa majahazini na manowari za Kiingereza. Kanisa lao lilikuwa kanisa la wageni kabisa: huyu Myao, huyu Mmakua, wala hapana aliyezikiwa babu yake pale. Nani awaongoze? Walikuwapo wenzao waliopelekwa Bara Hindi wangali watoto, wakasomeshwa Nasik, kisha wakarudishwa Afrika. Hao walikijua kitabu, tena waliujua uchungu wa kuhamishwa. Mmoja wao ni William Jones. Tarehe 31 Mei 1885 Askofu Hannington aliwawekea mikono yeye na Ishmael Semler, wakawa mashemasi.

Mwaka ule ule Jones alifuatana na Askofu katika safari ya Uganda. Askofu akauawa Busoga mwezi wa Oktoba. Jones akawarudisha wapagazi waliosalia, hata wakafika Rabai Februari 1886, wakitanguliwa na bendera ya buluu yenye neno moja tu: Ikabodi. Asomaye kitabu cha kwanza cha Samweli ataelewa. Asiyefundishwa Maandiko hawezi kuomboleza namna hiyo.

Huko Rabai walikimbilia watoro wengi, na mabwana zao wakaja kuwadai, hata mwaka 1889 watoro zaidi ya 1,400 walipokombolewa kwa fedha. Basi kiongozi wa watu kama hao hakuhitaji mahubiri peke yake. Alihitaji lugha, sheria na subira. Mwaka 1903 chuo cha wachungaji kilifunguliwa Frere Town, nacho kilihamia Limuru mwaka 1930.

Kwetu chuo kilifunguliwa Kongwa mwaka 1913 na Westgate, Mkanada, kikaitwa Huron. Mara vita vikaja. Wadachi wakawafunga wamisionari Waingereza, na walimu Waafrika pia, wakiwashuku kuwa wapelelezi. Andrea Mwaka alikuwa miongoni mwao. Yeye na Haruni Mbega walipewa daraja mwaka 1921, yaani miaka 36 baada ya Jones. Ni mingi mno, nasi hatuoni sababu ya kuificha: watu hao walikwisha kujaribiwa gerezani kabla ya kuaminiwa madhabahuni.

Tangu serikali ilipoazimu mwaka 1973 kuhamia Dodoma, wageni wameingia kwetu kutoka kila mkoa, na kila mmoja huja na kanisa lake. Wamo Wabaptisti, ambao wamisionari wao walifika Tanganyika mwaka 1956, na chuo chao cha theolojia kikafunguliwa Arusha mwaka 1962. Lakini kutoka Miyuji hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 400. Mwashi anayeongoza waumini ishirini sebuleni mwake hawezi kuacha kazi na watoto miaka mitatu aende huko. Twaona afadhali afundishwe jioni, karibu na watu wake, hata kama mwalimu aliye karibu ni wa kanisa jingine.