Shikamana, mradi wa utafiti wa Ukimwi Iringa

Shikamana ni mradi wa utafiti ulioendeshwa mkoani Iringa na vyuo vikuu vya Johns Hopkins cha Marekani na Muhimbili cha Dar es Salaam, kwa kuwashirikisha wanawake 496 waliofanya biashara ya ngono.

Kutoka Kihesa mjini Iringa hadi miji iliyo kando ya barabara kuu ya Zambia, Ukimwi uliacha yatima wengi. Mwaka 2007/08 mkoa huo, wakati huo ukijumuisha Njombe, uliongoza nchini kwa maambukizi, asilimia 15.7.

Kundi moja halikuhubiriwa: lilipewa kituo cha kukutania, waelimishaji rika na wauguzi waliofunzwa kutonyanyapaa. Baada ya miezi 18, miongoni mwa waliokuwa hawana virusi, asilimia 5.0 waliambukizwa, katika kundi la pili, 10.4.