Je, fangasi wa mdomoni mwa mtoto wana dume na jike?

Utando mweupe kwenye ulimi na mashavu ya ndani ya mtoto mchanga huletwa na fangasi aitwaye kandida, kwa jina la kitaalamu Candida albicans. Mabaki ya maziwa hufutika kwa kitambaa safi. Utando huu hung'ang'ania, na ukiukwangua, chini yake huwa pekundu au hutoa damu kidogo. Watu wengi wenye afya wanaishi na kandida mdomoni, tumboni na ukeni bila shida. Mtoto humpata wakati wa kuzaliwa, au baadaye kutoka kwa wanaomlea.

Anaongezekaje haraka hivyo?

Kwa kuchipua. Seli moja hutoa kichipukizi, kinakua, kinajitenga na kuwa seli kamili. Hahitaji mwenzi.

Dume na jike hakuna, ila zipo aina mbili za kupandana, zinazoitwa a na alfa. Kandida ana jozi 8 za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni zake, na aina hizi huamuliwa na sehemu ndogo ya jozi ya 5. Kandida wengi wana a kwenye uzi mmoja na alfa kwenye wa pili, na aliye na zote mbili hapandani. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba hapandani kabisa, hadi jeni hizo zilipogunduliwa Marekani mwaka 1999. Mwaka uliofuata watafiti wakaonyesha kwamba anaweza. Lakini kwanza lazima apoteze aina moja, abaki na a tupu au alfa tupu, kisha seli yake ya mviringo igeuke kuwa ndefu. Ni safari ndefu, na hutokea mara chache.

Kupandana huku ni kwa seli, si kwa watu. Nasema hivi kwa sababu maneno huwa mengi mtaani: utando wa mtoto si ushahidi kwamba mama au baba ametoka nje ya ndoa.

Jeni hizi zinamhusu nini mama?

Zinamhusu kwa sababu ya majirani zake. Kwenye kromosomu hiyohiyo ya 5 kuna jeni ya kitu kinacholengwa na flukonazoli, na nyingine inayoamuru pampu za kutoa dawa nje ya seli. Fangasi anayekutana na dawa mara kwa mara anaweza kupata badiliko la usugu kwenye uzi mmoja, kisha akapoteza sehemu ya uzi wa pili na kunakili ile yenye usugu. Sasa ana usugu mara mbili, na mara nyingine jeni za kupandana nazo hubaki za aina moja. Ndiyo maana watafiti hukuta fangasi sugu wengi zaidi miongoni mwa wale wenye a tupu au alfa tupu. Kupandana siko kulikoleta usugu. Jeni zilipotea pamoja kwa kuwa zinakaa jirani.

Kwa hiyo usimgawie mtoto kidonge cha flukonazoli kilichobaki kwa mtu mzima, wala usinunue dukani kwa kukisia. Mtoto mchanga kwa kawaida hupewa matone ya nistatini baada ya kunyonya, na huendelea kupewa siku 2 baada ya mdomo kuwa safi. Hizo siku 2 ndizo wengi huziruka. Endelea kumnyonyesha. Chuchu zako zikiwasha au kuuma, mtibiwe wote wawili. Kama anatumia chupa, chemsha chupa na chuchu zake kila siku.

Mrudishe kituoni akikataa kunyonya, akipata homa, au utando ukiwa bado upo baada ya wiki moja ya dawa. Ukirudi kila mara, au ukitokea kwa mtoto aliyepita miezi 6 ambaye hajatumia antibayotiki karibuni, omba achunguzwe zaidi, pamoja na kipimo cha VVU.