Sambamba si pishani: Historia fupi ya kompyuta kufanya mengi kwa pamoja

NENO ‘sambamba’ limebebeshwa mzigo mzito. Katika hisabati tuna mistari sambamba, yaani inayokwenda bega kwa bega bila kukutana. Magazetini tunaandika ‘sambamba na hayo’ kwa maana ya ‘pamoja na hayo’. Sasa mwombe mwanafunzi wa kompyuta mjini Kakamega akueleze kwa Kiswahili jinsi simu yake inavyocheza muziki huku ikipokea ujumbe. Huenda akalikimbilia neno hilo hilo, na hapo atakuwa ametia dhana mbili tofauti katika kapu moja.

Ili kuzitenganisha, mtazame mama anayeuza chapati karibu na stendi ya matatu. Yuko peke yake. Anakanda unga, anageuza chapati, anamimina chai, anapokea pesa. Kazi nne zimeanza, hakuna iliyokwisha, na mikono ni miwili tu. Kazi hizo zinapishana. Akimwajiri msaidizi mwenye jiko lake, chapati mbili zitaiva kwa dakika ile ile. Huo sasa ndio usambamba. Kupishana ni namna ya kuzipanga kazi. Usambamba ni kuzitenda kwa wakati mmoja.

Historia ya kompyuta ilianza na hilo la kwanza. Mitambo ya awali ilishughulikia kazi moja hadi mwisho ndipo ikashika nyingine. Mwaka wa 1961, Fernando Corbató na wenzake katika chuo cha MIT, Marekani, walionyesha mfumo uliowahudumia watu kadhaa kwa zamu. Kila mmoja aligawiwa kipande kidogo sana cha muda, na zamu zilizunguka upesi hata kila mtu akadhani ati kompyuta ni yake peke yake. Kumbe ulikuwa mtindo wa kikoa: leo kwangu, kesho kwako.

Tatizo likazuka pale kazi mbili zilipotaka kitu kimoja. Mwaka wa 1965, Mholanzi Edsger Dijkstra alichapisha suluhisho la kuzizuia programu zisiingie kwa pamoja mahali panapofaa kuingiwa na moja tu. Kifaa chake kingine mashuhuri alikiita semafori, jina alilolitoa kwenye milingoti ya ishara za reli. Msomaji wa Kakamega hahitaji kwenda Uholanzi kumwelewa. Reli ya kutoka Kisumu hadi Butere ni ya njia moja. Treni mbili zinazoelekeana haziwezi kupishana popote zitakapo. Sharti moja isubiri stesheni hadi nyingine ipite. Asiyeheshimu ishara huleta maafa.

Katika programu, maafa yenyewe hayana kishindo. Tuseme akaunti ya chama ina shilingi 10,000. Mweka hazina aliye Kakamega anatoa 8,000, na sekunde ile ile mwenyekiti aliye Nairobi anatoa 7,000. Programu mbili zinasoma salio kwa pamoja, zote zinaona 10,000, zote zinaidhinisha. Shilingi 15,000 zimetoka mahali palipokuwa na 10,000! Hakuna programu iliyokosea hesabu yake. Kosa limo katika mpishano. Dawa ni kufuli: anayeingia kwanza afunge, asome, akate, aandike, kisha afungue. Wahenga walinena kuwa fahali wawili hawakai zizi moja, na Waisukha na Waidakho, wanaojua mchezo wa kupiganisha mafahali, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Hata hivyo, kufuli nazo zina balaa lake. Programu moja ikishika kufuli ya kwanza huku ikingoja ya pili, na nyingine ikishika ya pili huku ikingoja ya kwanza, zote zitangoja milele. Huo ni mkwamo, mfano wa matatu mbili zilizokutana katikati ya daraja jembamba na kila dereva akakataa kurudi nyuma.

Usambamba halisi ulifikia watumiaji wa kawaida baadaye. Kwa miaka mingi watengenezaji waliongeza tu kasi ya kichakataji. Kufikia takriban mwaka wa 2005 joto liliwashinda, wakageukia chipu zenye viini viwili, kisha vinne na zaidi. Mikono ikaongezeka, lakini Gene Amdahl alikuwa ameshaonya tangu 1967: ikiwa sehemu moja ya kumi ya kazi haigawanyiki, hata ulete viini elfu moja, kasi haitafika mara kumi. Mikono mingi humenya viazi upesi. Maharagwe yatachemka kwa muda wake.

Wengine waliikwepa kufuli kabisa. Mwaka wa 1978, Mwingereza Tony Hoare alipendekeza kazi ziwasiliane kwa kupelekeana ujumbe. Huko Uswidi, kampuni ya Ericsson ilianza kubuni lugha ya Erlang mwaka wa 1986 kwa ajili ya mitambo ya simu: kila kazi ina kumbukumbu yake, haigusi ya jirani. Lugha hiyo ndiyo iliyoijenga WhatsApp, inayobeba salamu zetu za kila asubuhi.

Haya yanatuhusu vipi sisi wa lugha? Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilipata hadhi kamili mwaka wa 2007, mwaka ule ule M-Pesa ilipozinduliwa. Vijana wanaosomea kompyuta mjini humo wataandika programu za kulinda pesa za watu. Anayeamini kwamba kupishana na usambamba ni kitu kimoja atadhani kompyuta yenye kiini kimoja haiwezi kupoteza salio. Inaweza, kwa sababu zamu hukatika popote, hata katikati ya kusoma na kuandika.

Kiswahili kinazo nyenzo. Kutokana na kushindana tulipata ‘shindani’. Kutokana na kukinzana, ‘kinzani’. Na kutokana na kufungamana, ‘fungamani’. Kwa kanuni iyo hiyo, kupishana kunatupa ‘pishani’. Basi tuseme ‘programu pishani’ kwa kazi zinazoingiliana katika muda, na ‘programu sambamba’ kwa zile zinazotendeka papo kwa papo. Istilahi hazisubiri kamusi. Huanzia kinywani mwa mwalimu. Wahadhiri wa Kakamega na kwingineko wazijaribu darasani, na wakipata neno bora kuliko ‘pishani’, walitoe tulipime.