Kufua kisu
Mtu wa mjini, awe Mbeya au Iringa, akisikia "anafua", mawazo yanakimbilia beseni na sabuni. Mhunzi naye anafua. Kipande cha springi ya lori kinaingia motoni, mvukuto unapuliza mpaka chuma kinakuwa chekundu, kisha nyundo inakishukia juu ya fuawe, jina lililozaliwa na kitenzi hichohicho. Sonara pia ni mfua dhahabu. Lugha nyingine hutazama kwingine: Wafini wana puukko, kisu chao cha kiunoni cha kila siku, na jina lake hulihusisha na puu, yaani mti. Wao wametazama mti wa mpini, sisi, kwa kitenzi chetu, nyundo. Siku hizi wengi huandika "kutengeneza kisu". Si kosa, ila hata keki hutengenezwa.