Gari la Mjerumani pale Sekenke

Ndugu wenzangu tuliosoma shule hii, nanyi wadogo zetu mliopo darasani, naleta kisa cha historia kilichonikuta likizo ya mwaka 1978, nilipokuwa kidato cha tatu.

Chini ya mlima Sekenke palikuwa na mzoga wa gari dogo uliomezwa na vichaka. Wenyeji waliliita gari la Mjerumani. Ilisemwa kwamba Wajerumani, walioanza kuchimba dhahabu Sekenke mwaka 1909, walilitelekeza walipokimbia vita, na dhahabu wakaizika chini yake. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikwisha kuuza mbuzi sita na kuchimba shimo linalompita kimo. Kuta zake zilikuwa zikimomonyoka.

Nilimwendea mjomba, fundi wa magari mjini Singida. Alipofika hakubishana na mtu. Alisugua uso wa gari kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Zikatokea pete nne zilizoshikana na herufi DKW. Akafungua boneti. Injini ilikuwa ya silinda tatu, haina valvu, na nguvu yake inakwenda magurudumu ya mbele.

"Hii hutiwa oili ndani ya petroli, kama pikipiki," akasema. Kwenye kibati palisomeka 3=6. Watengenezaji walijigamba kuwa silinda tatu za namna hiyo zafanya kazi ya sita.

"Basi ni la Mjerumani!" kaka akachangamka.

"Ni la Mjerumani, mjomba, ila si yule wako. Haya niliyashika gereji ujanani mwangu, miaka ya 1950."

Hapo nikakumbuka somo la mwalimu wetu wa historia: uliza mwaka kwanza. Wajerumani waliondoka Tabora Septemba 1916. Baadaye nilisoma kwamba pete zile nne ni alama ya muungano wa Audi, DKW, Horch na Wanderer, ulioundwa mwaka 1932. Tena mwaka 1956 gari la DKW ndilo lililoshinda mashindano ya Safari hapa Afrika Mashariki. Aliyekimbia mwaka 1916 angeliachaje gari ambalo halijaundwa?

Na ipo dhahabu ya Sekenke ambayo tunajua ilikokwenda. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na vita, waliifulia sarafu za rupia 15 huko Tabora, zenye picha ya tembo.

Kaka alinyamaza kutwa nzima. Kesho yake tulilifukia shimo. Mbuzi hawakurudi, lakini mwenyewe yu hai hadi leo, na wajukuu anao.

Wadogo zetu, hadithi za mali ya Mjerumani bado zinawachimbisha watu mashimo. Mkizisikia, msizicheke wala msizifuate kwanza. Tazameni kitu chenyewe, mkisafishe, mkihesabu sehemu zake, kisha muulize: ni cha mwaka gani?