Makaa ya Mawe ya Vorkuta na Wageni wa Ziwa Letu

Wengi wenu mwajua habari za mapadre wa kwanza waliofika Kageye, pwani hii yetu, mwisho wa mwaka 1878. Hao walikuja kwa hiari yao. Leo napenda kuwasimulia habari za wageni wengine wa Ziwa hili, ambao hawakuja kwa hiari, nao walikuwa wametoka katika utumwa.

Ng'ambo ya kaskazini, katika nchi ya Buganda, pana mahali paitwapo Koja, karibu kabisa na maji. Wakati wa vita kuu ya pili waliletwa hapo Wapolandi yapata 3,000, wengi wao wanawake na watoto. Wenzao walipelekwa Masindi, na katika nchi yetu walipelekwa Tengeru karibu na Arusha, na Ifunda, Kidugala, Kondoa na Morogoro. Tengeru ndiyo iliyokuwa kambi kubwa kuliko zote, ikawa na watu yapata 5,000. Watu wa zamani zile walistaajabu kuona Wazungu maskini namna hii, ambao hawakuja kutawala wala kufanya biashara.

Walitoka wapi basi? Tarehe 17 Septemba 1939 majeshi ya Urusi ya Kisovieti, iliyotawaliwa na Wakomunisti chini ya Stalin, yaliingia upande wa mashariki wa Polandi. Usiku wa tarehe 10 Februari 1940 askari walianza kubisha hodi milangoni. Watu waliamriwa kufunga mizigo yao upesi, wakapakiwa katika magari ya moshi ya kuchukulia mizigo, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan. Hayo yalirudiwa mwezi wa Aprili na wa Juni mwaka ule ule, na tena Juni 1941. Jamaa nzima nzima zilihamishwa, wazee na watoto wachanga pamoja. Huko wanawake walikata miti katika theluji, na wanaume wengi walihukumiwa kwenda katika makambi ya kazi ya nguvu.

Sisi watu wa Usukuma twajua maana ya mgodi, kwa sababu ya dhahabu ya Geita na almasi ya Mwadui. Lakini mchimbaji wa huku hupokea mshahara, na akichoka aweza kurudi kwao. Vorkuta haikuwa hivyo. Mji ule uko kaskazini mwa Urusi, mahali ambapo ardhi haiyeyuki barafu yake mwaka mzima, na katika siku za katikati ya kipupwe jua halichomozi. Makaa ya mawe yalionekana huko, na kwa kuwa hapana mtu aliyetaka kwenda kuyachimba, serikali ilipeleka wafungwa tangu mwanzo wa miaka ya 1930. Wafungwa ndio waliojenga hata njia ya reli. Wengi wao hawakuiba wala kuua. Mmoja alisema neno juu ya serikali, mwingine alikuwa mwalimu, mwingine padre, mwingine alizaliwa katika taifa lisiloaminiwa.

Kila mtu alipewa kipimo cha kazi, na mkate wake ulipimwa kwa kazi hiyo. Aliyeshindwa kutimiza kipimo alipunguziwa mkate. Basi, mwenye kupungukiwa chakula alizidi kudhoofika, na mwenye kudhoofika alichimba kidogo zaidi kesho yake. Hivyo njaa ilizaa udhaifu, na udhaifu ukazaa njaa, hata mtu akafa.

Wapolandi walifunguliwa kwa sababu ya vita. Wajerumani walipoishambulia Urusi mwezi wa Juni 1941, Stalin alihitaji marafiki, akakubali kuwaachilia. Mwaka 1942 jeshi la Jenerali Anders, pamoja na wanawake na watoto waliofuatana nalo, lilivuka bahari ya Kaspi mpaka Uajemi. Kutoka huko wasio askari walisafirishwa mpaka Afrika. Vita vilipokwisha, makwao palikuwa pamekwisha kutwaliwa na Warusi, nao hawakuwa na pa kurudi. Wengine walikaa huku mpaka mwanzo wa miaka ya 1950. Makaburi yao yapo Tengeru, yapata 150, na kanisa la mawe walilolijenga karibu na Masindi lingali limesimama.

Waliobaki Vorkuta hawakunyamaza daima. Stalin alikufa Machi 1953, na mwezi wa Julai maelfu ya wafungwa walikataa kushuka shimoni. Tarehe 1 Agosti askari waliwapiga risasi penye mgodi nambari 29, wakafa watu zaidi ya 50.

Mmoja wa wafungwa wa serikali ile alikuwa Padre Władysław Bukowiński. Alikamatwa mwaka 1945, akahukumiwa miaka 10, akachimba shaba huko Dzhezkazgan. Mwaka 1954 alipofunguliwa alihamishiwa Karaganda, mji wa makaa ya mawe uliojengwa kwa jasho la wafungwa na watu waliohamishwa. Mwaka uliofuata aliulizwa kama ataka kurudi Polandi. Alikataa, akakaa na watu wake, akisoma Misa usiku katika nyumba zao mpaka alipokufa mwaka 1974. Mwaka 2016 alitangazwa Mwenye Heri katika mji ule ule.

Labda mtu atasema, hayo ni mambo ya Wazungu, yatuhusu nini? Namjibu kwamba babu zetu walichukuliwa kubeba mizigo ya vita vya mwaka 1914, wala wengi hawakurudi. Tena katika miaka ile ile ambayo Wapolandi walipokewa hapa, serikali ya Waingereza iliandikisha Waafrika kwa nguvu kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na mpira. Sisemi ya kwamba taabu hizi zilikuwa sawa na za Vorkuta. Nasema tu kwamba mwenye nguvu akiisha kumhesabu mtu kuwa chombo cha kazi, rangi ya mtu huyo haimwokoi.

Walimu wapenzi, mkiwaonyesha watoto ramani ya Ziwa letu, wekeni kidole hata penye Koja, mkawaeleze ni nani waliokaa hapo, na kwa nini. Na watu wa Mungu watakapowaombea marehemu, wawakumbuke pia wale waliofia shimoni Vorkuta, ambao makaburi ya wengi wao hayakuandikwa majina.