Mamba wa Cambridge na Sekunde Moja ya Mia

Nyuma ya Free School Lane, mjini Cambridge, Uingereza, kuna ukuta wa matofali uliochongwa mamba aliyesimama wima. Mchongaji ni Eric Gill. Aliyemwagiza ni Pyotr Kapitza, mwanafizikia Mrusi mzaliwa wa Kronstadt. Mamba mwenyewe ni Ernest Rutherford, aliyekuwa mkuu wa Maabara ya Cavendish, maana ndilo jina la utani alilobandikwa na Kapitza. Sababu yake husimuliwa kwa namna nyingi. Mimi napenda ile isemayo mamba hageuzi shingo, huenda mbele tu.

Kapitza alifika Cambridge mwaka 1921, akataka kupinda njia za chembe za alfa kwa sumaku. Sumaku za chuma hazikufua dafu, kwani chuma kikishashiba hakiongezeki nguvu. Akaamua kupitisha umeme mwingi kwenye koili isiyo na chuma. Umeme wa kiasi hicho huyeyusha shaba, basi aukate kabla shaba haijapata moto. Alianza na betri za risasi na asidi. Kisha, John Cockcroft akimsaidia, ikaundwa jenereta katika kiwanda cha Metropolitan-Vickers, Manchester, kwa kazi ambayo kila fundi umeme huikimbia: kupigwa shoti makusudi.

Shoti ile ilitikisa sakafu kama tetemeko dogo, na vipimo havitaki mtikisiko. Hapo ndipo Kapitza anaponifurahisha. Koili aliiweka upande wa pili wa ukumbi, mita 20 kutoka kwenye mashine. Mtikisiko ukitambaa ardhini hadi kuifikia, sekunde moja ya mia imeshapita na jaribio limekwisha. Atikisike atakaye.

Desemba 1925 Rutherford, akiwa safarini, aliandikiwa na Kapitza barua ya kupokelewa Cairo: nguvu ya sumaku imevuka gausi 270,000, kisha koili ikapasuka kwa kishindo. Mwandishi wa barua wala hakuomboleza. Sasa alijua koili hupasukaje. Baadaye walifika 320,000.

Mwaka 1930 Royal Society ilitoa pauni 15,000 kutoka kwenye wasia wa Ludwig Mond ili Kapitza ajengewe maabara, na Februari 1933 mwanasiasa Stanley Baldwin akafungua Maabara ya Mond, ile yenye mamba ukutani. Mwaka uliofuata Kapitza alikamilisha humo mtambo wa kugeuza gesi ya heli kuwa kimiminika, apate baridi kali ya kupimia metali.

Hakuufaidi sana. Mwaka huohuo wa 1934 alikwenda kwao likizo kama ilivyokuwa desturi yake, na serikali ya Kisovieti ikamzuia kutoka. Rutherford alihangaika kumrudisha, ikashindikana, mwishowe akakubali mashine zimfuate mwenyewe. Moscow ililipa pauni 30,000. Jenereta ikang'olewa, ikasafirishwa hadi kwenye taasisi mpya aliyojengewa huko.

Rutherford alifariki mwaka 1937. Kapitza hakukanyaga tena Cambridge hadi mwaka 1966, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70. Mamba alimkuta palepale ukutani.